Milima Haikutani: Historia ya Hesabu za Migongano

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, bali binadamu hukutana. Mwanafunzi wa Kitale hana haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi wa methali hii. Akigeuka magharibi auona Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321. Akigeuka mashariki aiona milima ya Cherangani. Na baina ya milima hiyo imelala nchi tambarare yenye mashamba ya mahindi, ambamo mji wa Kitale umejengwa. Tangu dunia ilipotulia, mlima huu haujaugusa ule. Twajuaje? Twajua kwa sababu twaiona nafasi iliyo kati yao. Mtu aliyesimama katika nafasi hiyo hana haja ya kulipima kila jiwe la Elgon na kulilinganisha na kila jiwe la Cherangani. Nafasi yenyewe ni shahidi wa kutosha.

Katika ushahidi huo mdogo imo siri ya elimu kubwa ya zama zetu, nayo ni elimu ya kutambua migongano ya maumbo yenye urefu, upana na kimo. Kwa elimu hii mpira katika mchezo wa kompyuta hugonga mwamba wa goli ukarudi uwanjani, na gari la kuchorwa hugonga ukuta likasimama. Vijana wengi wa Kitale na Bungoma huiona kazi ya elimu hii kila siku katika simu, bila kujua kwamba nyuma ya kioo kile imefichwa historia ya zaidi ya miaka elfu mbili. Insha hii yakusudia kuifunua historia hiyo, na kuonyesha kwamba mizizi yake imo katika daftari la hesabu la mwanafunzi mwenyewe.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini jambo hili ni gumu. Jiwe likiporomoka katika maporomoko ya Nabuyole, karibu na Webuye, hapana mtu anayeliamuru likome linapofika juu ya jiwe jingine. Maumbile yenyewe hulikomesha. Lakini ndani ya kompyuta hamna jiwe wala ukuta. Kilichomo ni tarakimu tupu. Nyumba ni orodha ya nukta, na kila nukta ina tarakimu tatu: moja ya kwenda kulia au kushoto, ya pili ya kwenda mbele au nyuma, na ya tatu ya kwenda juu au chini. Gari nalo ni orodha nyingine ya nukta. Tarakimu hazina ugumu wa jiwe. Gari likielekezwa ukutani litapenya na kutokea upande wa pili kama pepo, isipokuwa mtu awe ameiandikia kompyuta hesabu ya kuitambulisha kwamba vitu viwili vimegusana. Kompyuta haina macho ya kuiona nafasi iliyo kati ya milima. Hapana budi ifundishwe kuitafuta.

Jambo la mgongano lina maswali mawili. La kwanza, je, vitu hivi vimegusana? La pili, baada ya kugusana, kila kimoja kitakwenda wapi na kwa mwendo gani? Ajabu ya historia ni kwamba swali la pili ndilo lililojibiwa kwanza. Mfaransa René Descartes alijaribu kulijibu katika kitabu alichokitoa mwaka 1644, akakosea mahali pengi. Kwa mfano, alidai kwamba kitu kidogo hakiwezi kamwe kukisukuma kitu kikubwa kilichotulia, hata kikija kwa mwendo mkali namna gani. Mtoto yeyote aliyecheza gololi ajua kwamba haiwi hivyo. Katika miaka ya 1668 na 1669 mabingwa watatu, John Wallis na Christopher Wren wa Uingereza na Christiaan Huygens wa Uholanzi, waliiletea jumuiya ya wataalamu ya London, Royal Society, kanuni zilizo bora zaidi. Kutokana na kazi ya watu wa namna hiyo twajifunza leo darasani kwamba jumla ya msukumo wa vitu viwili kabla ya kugongana ni sawa na jumla yake baada ya kugongana.

Lakini mabingwa hao wote hawakulishughulikia swali la kwanza. Hawakuwa na sababu ya kuuliza iwapo mipira miwili imegusana, kwa maana waliiona kwa macho na kuusikia mlio wake. Swali hilo lilingoja mpaka binadamu alipotengeneza ulimwengu usio na macho wala mlio.

Hata hivyo, silaha za kulijibu zilikuwa zimekwisha kufuliwa. Descartes yuyo huyo aliyekosea katika kanuni za migongano alikuwa ametoa kitabu kingine mwaka 1637, akaonyesha humo jinsi mistari na maumbo yanavyoweza kuelezwa kwa hesabu. Mihimili ambayo mwanafunzi huichora katika karatasi ya miraba yatokana na fikira hiyo, na bila fikira hiyo kompyuta isingaliweza kuhifadhi umbo lolote. Silaha ya pili ni ya kale zaidi. Ni ile kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba ambayo tumezoea kuiita kwa jina la Pythagoras, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Tutazame jinsi silaha hizi mbili zinavyofanya kazi pamoja. Chukua mipira miwili. Nusu kipenyo cha wa kwanza ni sentimita 4, na cha wa pili ni sentimita 3. Kiini cha mpira wa kwanza kiko mahali pa 0, 0, 0. Kiini cha wa pili kiko sentimita 2 kulia, sentimita 3 mbele na sentimita 6 juu. Je, mipira imegusana? Zidisha kila tarakimu kwa yenyewe: 2 mara 2 ni 4, 3 mara 3 ni 9, na 6 mara 6 ni 36. Jumla yake ni 49, na kipeo chake ni 7. Umbali kutoka kiini hadi kiini ni sentimita 7. Nusu vipenyo viwili vikijumlishwa, 4 na 3, vyapata 7 pia. Basi mipira hii imegusana kwa nukta moja tu. Umbali ukizidi 7, mipira imeachana, ukipungua, imeingiliana. Tena kompyuta haina haja hata ya kukitafuta kipeo: yatosha kuilinganisha 49 ya umbali na 49 ya nusu vipenyo. Hii ndiyo hesabu ya kwanza ya migongano, na mwanafunzi wa sekondari ana kila kitu cha kuifanyia.

Ole wetu, vitu vya dunia si mipira mitupu. Kuna masanduku, magunia, magari na miti. Hapa ndipo linapoingia jina la Hermann Minkowski. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1864 katika nchi ambayo leo ni Lithuania, akafundisha Ujerumani na Uswisi, na huko Zürich mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Albert Einstein. Alifariki mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 44 tu. Katika maisha hayo mafupi alichunguza kwa bidii tabia za maumbo ya mbinuko.

Umbo la mbinuko ni lipi? Chagua nukta mbili zozote ndani ya umbo, kisha uvute uzi kutoka nukta hii hadi ile. Uzi ukibaki ndani ya umbo daima, hata ukichagua nukta zipi, umbo hilo ni la mbinuko. Yai ni la mbinuko, na chungwa, na tofali, na sanduku, na gunia lililojazwa mahindi likafura pande zote. Bakuli si la mbinuko, kwa sababu uzi uliovutwa kutoka ukingo huu hadi ukingo wa pili hupita hewani. Bakuli lina mbonyeo.

Kuhusu maumbo ya mbinuko kuna kanuni iliyo wazi na yenye nguvu: maumbo mawili ya namna hii yakiwa hayakugusana, daima yawezekana kupitisha ubao ulionyooka kati yake bila kuligusa hata moja. Ndiyo habari ya Elgon na Cherangani, ambapo nchi tambarare ya Kitale ndiyo ubao. Kwa maneno mengine, kuachana kwa maumbo ya mbinuko kuna shahidi wake daima, na kazi ya mwenye kukokotoa ni kumtafuta shahidi huyo.

Namna moja ya kumtafuta ni kwa vivuli. Tuseme magunia mawili ya mahindi yamewekwa katika soko la Chwele, nasi twataka kujua kama yamegusana, lakini hatuwezi kuyakaribia. Twaweza kuvitazama vivuli vyake tu. Jua likiwa upande mmoja, vivuli vyapandana. Hiyo haithibitishi kitu, kwa sababu gunia moja laweza kuwa nyuma ya jingine kwa mbali. Jua likihamia upande mwingine, mwanga wapita katikati ya vivuli. Basi shauri limekwisha: magunia hayakugusana. Vivuli mia vilivyopandana haviwezi kutoa hukumu, lakini kivuli kimoja kilichoachana na mwenzake huimaliza kesi yote.

Hapo mwanafunzi hodari atauliza: je, tutazame vivuli kutoka pande ngapi kabla ya kukata tamaa na kusema kwamba magunia yamegusana? Pande za dunia hazina hesabu. Jibu ni kwamba kwa maumbo yenye nyuso bapa, pande zinazohitaji kutazamwa zina hesabu maalum. Kwa masanduku mawili yaliyokaa kwa mshazari wowote, pande hizo ni 15 tu: tatu za nyuso za sanduku la kwanza, tatu za sanduku la pili, na tisa zinazopatikana kwa kuoanisha kingo za moja na kingo za jingine. Katika kila upande, vivuli hupimwa juu ya mstari mmoja, kana kwamba vimeangukia kamba iliyonyoshwa. Ikiwa vivuli vimepandana katika pande zote 15, masanduku yamegusana bila shaka. Ikiwa upande mmoja tu umeonyesha mwanya, yameachana, na hapana haja ya kuendelea.

Ilipowadia zama ya kompyuta, watengenezaji wa michezo walianza kwa yaliyo mepesi. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham aliwaburudisha wageni wa maabara ya Brookhaven, huko Marekani, kwa mchezo wa tenisi ulioonekana kama nuru ndogo inayoruka katika kioo cha chombo cha kupimia umeme. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, mmoja wao akiitwa Steve Russell, walikamilisha mchezo wa Spacewar!, vita vya vyombo viwili vya angani. Humo kompyuta ilipima tofauti ya mahali pa vitu viwili, na tofauti ikiwa ndogo sana, vyote viwili vililipuka. Mwaka 1972 ulitoka mchezo wa Pong, uliotengenezwa na Allan Alcorn wa kampuni ya Atari. Mchezo huo haukuwa na programu ndani yake, bali nyaya na vipande vya umeme vitupu: ishara ya mpira na ishara ya kibao zikitokea kwa wakati mmoja, mashine ilijua kwamba mpira umepigwa.

Michezo hiyo ilikuwa bapa kama karatasi. Elimu ya maumbo yenye kimo ilikuzwa zaidi na watu wasiowaza juu ya mchezo hata kidogo. Waliwaza juu ya roboti. Katika viwanda mikono ya chuma ilianza kuinua na kuunga vyuma, na mkono wa chuma ukimgonga mtu au mashine nyingine, hasara yake ni ya kweli. Ilipasa kompyuta ijue daima umbali uliopo kati ya mkono na kila kitu kilichouzunguka.

Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Elmer Gilbert, Daniel Johnson na Sathiya Keerthi, walichapisha njia ambayo hadi leo huitwa kwa herufi za kwanza za majina yao, GJK. Keerthi alikuwa amepata shahada yake ya kwanza India kabla ya kwenda Marekani. Basi fikira iliyozaliwa Ulaya ilichukuliwa na Waamerika pamoja na kijana wa Asia, wakaitia katika kazi mpya.

Njia yao yategemea fikira ya Minkowski ya kujumlisha maumbo. Rudi kwenye mipira yetu miwili, wa 4 na wa 3. Badala ya kuuliza kama mipira imegusana, twaweza kuufinya mpira wa pili mpaka uwe nukta, na kuupanua wa kwanza kwa kiasi kile kile mpaka nusu kipenyo chake kiwe 7. Sasa swali limekuwa jepesi: je, nukta imo ndani ya mpira mkubwa au iko nje? Minkowski alionyesha kwamba jambo hili lafanyika kwa maumbo yoyote, wala si kwa mipira peke yake. Kinachopungua upande huu huongezwa upande ule, na maswali ya maumbo mawili huwa swali la umbo moja na nukta moja.

Werevu wa watu wa Michigan ulikuwa kwamba hawakulijenga hilo umbo kubwa lote, kwa maana lingekuwa na nukta nyingi mno. Walifanya kama mgeni aliyeingia katika boma kubwa usiku, asiyeweza kuliona lote, lakini akawa na mwenyeji wa kumwuliza: katika upande huu, pembe iliyo mbali kabisa ni ipi? Akishajibiwa, husogea akauliza tena kwa upande mwingine, na kila jibu humkaribisha kwenye ile nukta. Kwa kawaida maswali machache tu yatosha kuamua kama nukta imo ndani au iko nje, na iko umbali gani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1991, Ming Lin na John Canny wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley waliongeza jambo jingine la busara. Walitambua kwamba vitu haviruki ovyo. Sehemu mbili zilizokuwa karibu zaidi sasa hivi, baada ya kitambo kidogo zitakuwa zile zile au jirani zake. Kwa hiyo kompyuta haina haja ya kuanza upya kila mara. Ianzie pale ilipokomea, kama msomaji aliyeweka alama katika kitabu.

Bado palikuwa na kikwazo cha maumbo yenye mbonyeo. Kwa kuelewa kikwazo hiki, na tukumbuke ngome ya Chetambe, iliyo juu ya kilima karibu na Webuye, ambamo Wabukusu walijikinga mwaka 1895 walipopigana na majeshi ya Waingereza. Ukuta wa ngome huzunguka, na watu hukaa katikati. Mtu aliyesimama katikati hagusi ukuta, lakini hapana ubao ulionyooka uwezao kupita ukamtenga na ngome nzima, kwa sababu ngome imemzunguka pande zote. Kompyuta ikiichukua ngome kama umbo moja la mbinuko, itasema kwamba mtu huyo amebanwa ndani ya ukuta. Dawa yake ni kuukata ukuta vipande vipande, na kila kipande kiwe cha mbinuko. Mtu ataonekana ameachana na kipande hiki, na kile, na kile kingine, mpaka vyote vimekwisha kuulizwa. Ndivyo inavyotendwa katika michezo: kiti hukatwa kikawa miguu minne, kalio na mgongo, na mlima hukatwa ukawa pembetatu maelfu kwa maelfu.

Hapo ndipo wingi ulipoleta shida mpya. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akimpa mkono kila mwenzake mara moja, litapeana mikono mara 780. Vitu 1,000 vya mchezo vina jozi 499,500. Kwa desturi michezo mingi hukokotoa mara 60 katika kila sekunde, na hiyo ingekuwa jozi 29,970,000 kwa sekunde moja. Hata mashine yenye kasi ingelemewa.

Ufumbuzi wake wafanana na hekima ya watu wa reli. Reli iliyopita Bungoma kuelekea Uganda, na lile tawi lililofika Kitale katika miaka ya 1920, zote zilikuwa za njia moja. Katika njia ya namna hiyo haiwezekani kuliachia kila treni lijihadhari na kila treni jingine. Kanuni ya reli za njia moja ni kuigawa njia katika vipande baina ya stesheni na stesheni, na kipande kimoja kuruhusiwa treni moja tu. Treni zilizo katika vipande mbalimbali hazina la kuulizana. Ni katika kipande kimoja tu ndipo hatari inapoweza kutokea.

Hivyo ndivyo wataalamu wa kompyuta walivyofanya. Mwaka 1995 Ming Lin na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitoa programu iliyoitwa I-COLLIDE. Kila kitu huvikwa kwanza sanduku la kufikirika, kisha masanduku hayo hupangwa kwa kufuatana juu ya mhimili mmoja, kama magari yanavyofuatana barabarani. Gari lililo Kamukuywa na gari lililo Kiminini, katika barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, haliwezi moja kuligonga jingine kwa wakati huo, wala hapana haja ya kuyachunguza. Jozi ambazo masanduku yake yamepandana katika mihimili yote mitatu ndizo peke yake zinazopelekwa mbele kwenye uchunguzi mkali. Kati ya mamia elfu ya jozi, mara nyingi hubaki chache.

Na wakati nao una hila zake. Kompyuta haiuoni mwendo ukitiririka, bali huuona kwa vipande, kama picha zinazofuatana. Gari lenye mwendo wa kilomita 108 kwa saa huenda mita 30 kwa sekunde. Gawanya kwa 60, utapata nusu mita kwa kila picha. Sasa weka kitu chembamba, mfano wa mpira wa sentimita 10, kiende kwa mwendo huo, na ukuta mwembamba wa sentimita 20. Katika picha moja mpira uko mbele ya ukuta. Katika picha ifuatayo uko nyuma yake. Katika picha zote mbili haukugusa kitu, lakini umepenya! Ili kuzuia hila hii, kompyuta hukokotoa umbo la njia yote ambayo mpira umepita kutoka picha hadi picha, kana kwamba mpira umevutwa ukawa mrefu kama fimbo. Fimbo hiyo ikikutwa imeugusa ukuta, mgongano umetambuliwa.

Elimu hizi zote zilipokusanyika, biashara haikukawia. Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ya Havok mjini Dublin, Ireland, na watu waliotoka Trinity College, kwa ajili ya kuwauzia watengenezaji wa michezo hesabu za migongano zilizo tayari. Mchezo mashuhuri wa Half-Life 2, uliotoka mwaka 2004, ulitumia kazi yao. Erwin Coumans naye alitunga programu ya namna hiyo iitwayo Bullet, akaitoa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuibadili. Mwaka 2015 chama cha Marekani kinachotoa tuzo za Oscar kilimpa Coumans tuzo ya ufundi kwa kazi hiyo, maana hata watengeneza filamu walikuwa wakiitumia kubomolea majumba yasiyokuwako.

Mwaka huo huo wa 2015 kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilitoa mchezo uitwao Nairobi X, ambamo mchezaji huulinda mji huo dhidi ya wavamizi kutoka sayari nyingine. Kwa hiyo majengo ya mji wa Afrika Mashariki yaliingia katika ulimwengu wa tarakimu, na yakapaswa kuwa na ugumu wa kuzuia risasi na watu. Haikuwa lazima elimu ya migongano ivumbuliwe upya Nairobi, kama vile haikuwa lazima ivumbuliwe upya Dublin. Iliyohitajika ni mikono ya kuichukua na kuitumia.

Hili ndilo jambo ambalo mwanafunzi yafaa alishike kuliko majina na miaka. Wako wanaodhani kwamba elimu ya kompyuta ni mali ya watu wa mbali, na kwamba fungu letu ni kununua na kuchezea. Historia haikubaliani nao. Katika mnyororo huu tumemwona Mgiriki, Mfaransa, Mholanzi, mzaliwa wa nchi ya Lithuania, mwanafunzi aliyetoka India na mtengenezaji wa Nairobi. Hapana taifa lililoushika mnyororo wote peke yake. Kila mmoja alipokea kiungo kutoka kwa mwenzake, akaongeza chake, na viungo vingi kati ya hivyo ni hesabu tunazofundisha katika madarasa ya kawaida. Mwaka 2022 mtaala wa kufundisha uandishi wa programu uliidhinishwa kwa shule za Kenya. Katika Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, elimu ya kompyuta inafundishwa. Anayetaka kiungo chake hana safari ndefu.

Tena si kwa ajili ya mchezo peke yake. Hesabu zile zile zinazouzuia mpira usipenye ukuta huuongoza mkono wa roboti usimjeruhi mfanyakazi, na huisaidia ndege isiyo na rubani isigonge mti. Katika mchezo, gari likigonga, kijana hubonyeza kitufe akaanza upya. Katika barabara ya Webuye na Kitale hakuna kitufe cha namna hiyo. Ndiyo maana ni bora hesabu itangulie mgongano, na nafasi iliyo kati ya vitu ijulikane kabla haijakwisha.